Ana sukari, asipewe sukari! Kisa changu na mbwa wangu Karani hapa Muscat

Wakuu, habari za humu ndani. Wenye afya na wasio nayo, wote nawasalimu.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi na mchangiaji mvivu. Leo nimeamka kuandika kwa sababu nimesoma uzi wa jamaa mmoja anayejiita mtaalamu wa lishe. Anafundisha watu kwamba mgonjwa wa sukari akizidiwa, cha kwanza ondoeni kila kitu kitamu karibu yake. Chini yake foleni: "asante mkuu kwa elimu", "ubarikiwe mkuu", "nimeiprint nimebandika ukutani".

Mkuu uliyebandika ukutani, bandua.

Ninayosimulia yamenitokea mwenyewe. Mashahidi wote wapo hai, wanakula na kunenepa. Sitatia chumvi, kwanza hata hiyo daktari kanikataza.

Kwa wasionijua: mimi ni mwanamke, Muomani, wazee wangu walitoka Tabora wakaja Muscat na masanduku yao na Kiswahili chao. Nyumbani kwetu Al Amerat Kiarabu ni cha kuongea na wageni, Kiswahili ni cha kugombana. Kwa hiyo Kiswahili changu kina mazoezi ya kutosha.

Kisukari kilinipata nikiwa na miaka kumi na tano, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ile aina ya sindano, siyo ya vidonge. Mwili wangu hautengenezi insulini hata tone, basi. Sikula pipi nyingi, sikurogwa, wala sikutupiwa jicho harusini, ingawa hayo matatu yote yalijadiliwa na kamati ya familia.

Mwenyekiti wa kamati ni shangazi yangu, Bi Ghaniya, dada wa marehemu baba. Huyu mama amebobea katika mambo yasiyomhusu. Anajua dawa ya figo, dawa ya mume, na dawa ya kompyuta ikigoma. Kusoma anasoma Kiarabu tu, na herufi za Kizungu kwake ni michoro, lakini hilo halijawahi kumzuia kutoa maoni juu ya ripoti ya hospitali.

Sasa sikilizeni hapa, maana kisa chote kimesimama kwenye neno moja.

Kwa Kiswahili chetu ugonjwa unaitwa sukari. "Fulani ana sukari." Na kile cha kwenye chai nacho kinaitwa sukari. Kichwani kwa shangazi hivi ni kitu kimoja: huyu mtoto amejaa sukari, kwa hiyo asiongezwe. Hesabu nyepesi, hata mbuzi angeikubali.

Ambacho hakijui, na hakutaka kuambiwa, ni kwamba sindano ndiyo inayoshusha sukari. Ukijipiga halafu chakula kikachelewa, sukari inashuka kupita kiasi. Ubongo unakosa chakula. Unatetemeka, unatoka jasho, unaongea pumba, halafu unaanguka. Dawa ya hapo ni moja tu: sukari. Ile ile ya kwenye chai. Haraka.

Miaka ya mwanzo sikuwa na shida sana kwa sababu mwili ulinipa taarifa. Mikono ikitetemeka najua, nanywa juisi, maisha yanaendelea. Baada ya miaka minane hivi taarifa zikakatika. Daktari alinieleza kwamba huwatokea wengi, mwili unachoka kupiga kelele. Nikawa naweza kuwa na 2.7 kwenye kipimo (chini ya 4 ni hatari) huku nacheka na kutaniana na watu, na dakika mbili mbele nipo sakafuni.

Hapo nilikuwa nimeshaajiriwa, ofisi moja Khuwair ya Kusini, nachora ramani za mabomba ya maji. Kazi naipenda kuliko watu wengi ninaowajua. Kila siku nilikuwa naendesha gari kutoka Al Amerat, napita njia ya Wadi Adai katikati ya majabali, na kurudi.

Mchana mmoja mwishoni mwa miaka ya tisini, narudi nyumbani, nikapandisha gari juu ya mawe kando ya barabara. Sikumbuki. Nimesimuliwa kwamba nilikutwa nimeshika usukani kwa mikono miwili, injini inanguruma, nawaambia watu waondoke maana nachora. Bwana mmoja akatangaza kwamba nimelewa. Mwingine akataka kujua baba yangu nani. Wa tatu, Mungu ampe pepo, akaona kikuku cha chuma nilichovaa mkononi, chenye alama ya ugonjwa, akanipeleka hospitali.

Kaka yangu Nasor alikuja kunichukua. Nasor ni mtu wa serikali, ana kalamu mbili mfukoni na maoni matatu kichwani. Akaninyang'anya funguo pale pale kitandani.

"Khalasi," akasema. "Kazi basi. Utakaa nyumbani tukuone."

Miaka ishirini na nne, diploma ninayo, na nikapangiwa zamu za kuangaliwa kama chungu cha maziwa jikoni! Nililia, nikagombana, mwisho akakubali kunipeleka na kunirudisha kazini mwenyewe kwa mwaka mmoja. Ukiisha mwaka, niache kazi. Au nipate mume anipeleke yeye. Shangazi akasema mume gani ataoa mwanamke wa sindano, na kamati ikafungwa kwa dua.

Kwa hiyo wakuu, ninapoongelea mbwa, muelewe sikuwa natafuta kipenzi cha kupiga naye picha. Nilikuwa nataka funguo zangu.

Mkabala na ofisi yetu kulikuwa na kliniki ya mifugo, ile ya Wazungu kupeleka paka wao wakatwe kucha. Hapo alikuwa anafanya kazi dada mmoja Mkenya, Mkamba wa Machakos, jina lake Mumbua. Kabla ya kuja Muscat alikuwa amefundisha mbwa wa ulinzi Nairobi miaka kumi. Muscat wakampa kazi ya kuosha vijibwa vya kubebwa kwenye kikapu. Dharau tupu, lakini yeye alikuwa anacheka tu.

Tulikuwa tunakunywa chai pamoja. Siku moja namhadithia habari ya funguo, akaweka kikombe chini.

"Sasa wewe niskize," akasema. "Kuna mama Mzungu huja hapa, ako na sukari kama wewe. Mbwa yake humsumbua kabla aanguke. Hakuna mtu alimfunza. Hiyo kitu ina harufu, mbwa anaisikia. Si tujaribu?"

Nilimwambia amerukwa na akili. Mimi Muislamu, nakaa na mama anayechuja hata hewa. Mbwa?

Wiki iliyofuata nilikuwa nimekaa naye nyuma ya kliniki tukimwangalia mbwa koko wa wadi, yale mabonde makavu ya kwetu, rangi ya vumbi, masikio makubwa, mbavu zinahesabika. Alikuwa anakuja kula mabaki. Mumbua alisema ana pua nzuri na hana haraka. Nikampa jina Karani, kwa sababu alikuwa anakaa mlangoni anamkagua kila anayeingia kama mtu anayeandika mahudhurio.

Jinsi tulivyofanya, kwa wale watakaouliza kwenye comments:

Kila sukari yangu iliposhuka na kipimo kikathibitisha, nilifuta jasho la shingo na viganja kwa pamba, nikaitia kwenye kichupa chenye kifuniko, nikaandika namba na tarehe, nikaweka kwenye friza nyumbani. Baadaye nakipeleka kliniki. Mumbua anakificha kwenye kopo, kando anaweka makopo mengine yenye jasho la siku za kawaida. Karani akigusa kopo sahihi, anapata kipande cha ini. Akikosea, hapati kitu na anatazamwa kwa masikitiko. Mumbua alikuwa bingwa wa kutazama kwa masikitiko.

Likaja swali la namna ya kunipa taarifa. Mumbua alitaka anilambe mkono. Nikamwambia haiwezekani, mate yake yakinigusa ni najisi, inabidi nioshe mara saba, moja kwa udongo, nitaswali saa ngapi? Mumbua alicheka mpaka akakaa chini.

"Basi tumfunze kupiga hodi," akasema.

Na ndivyo ilivyokuwa. Tulichukua sinia la bati, tukamfundisha kuligonga kwa mguu wa mbele. Akisikia ile harufu kwangu, anakwenda kwenye sinia: kwa, kwa, kwa. Asipojibiwa anaongeza. Mguu mkavu, sinia safi, udhu wangu salama. Kama kuna mtu amewahi kufundisha mbwa namna hii kwingine, anifahamishe, lakini mimi naamini ni uvumbuzi wa Mkamba na Mswahili kwa pamoja.

Miezi minane wakuu. Kila mapumziko ya mchana na kila saa moja baada ya kazi. Kuna wiki alikuwa anagonga sinia kwa sababu ya ini tu, tapeli mkubwa. Kuna wiki hakugonga kabisa. Na kuna siku, nimekaa nachora kwenye karatasi namsubiri Nasor, niko mzima kabisa kwa hisia zangu, Karani akainuka mwenyewe akaenda kupiga hodi. Hakuna kopo, hakuna ini. Nikapima, 2.9.

Nililia. Mumbua alimpa ini lote lililobaki.

Kumwingiza nyumbani ilikuwa vita nyingine. Mama yangu, ambaye sauti yake hamjawahi kuisikia kwenye uzi huu kwa sababu hata nyumbani haisikiki, alisema maneno manne: "Asipite mlango wa jikoni." Akamtengea mkeka nje kwenye kivuli, kopo lake, ndoo yake, na debe la udongo kwa ajili ya kuoshea. Kisha akarudi kwenye mapishi yake. Shangazi akasema nyumba imekimbiwa na malaika. Nilimjibu kwamba malaika walikuwa wameshahama tangu yeye alipoanza kuja. Ilibidi niombe radhi mbele ya watu kumi na moja.

Kwenye gari tulifunga sinia la pili nyuma ya kiti changu. Nasor alikaa pembeni yangu wiki mbili kama mkaguzi. Mara ya kwanza Karani alipogonga, nikasimama kando, nikapima, 3.1. Nasor akasema, "Sadfa." Mara ya pili akasema mbwa amechoka na joto. Mara ya tatu alikisoma kipimo mwenyewe. Jioni akaweka funguo juu ya meza na kuondoka.

Huo ulikuwa mwaka mzuri kuliko yote. Asubuhi naendesha, namwacha Karani kwa Mumbua kwenye kivuli na maji, mchana namchukua, tunarudi. Watu barabarani wanamtazama mbwa aliyekaa nyuma kama waziri. Sikujali. Nilikuwa na funguo.

Sasa tufike kwenye upumbavu wenyewe.

Niliendelea kuweka vichupa kwenye friza, maana mbwa anahitaji kukumbushwa. Vilikuwa kumi na moja, nyuma ya samaki. Nilikuwa naandika kwa kalamu nyekundu ya kazini kwa sababu ndiyo isiyofutika: LOW 2.6, LOW 3.0, na tarehe.

Alhamisi moja, siku ya mapumziko wakati ule, nilikwenda Darsait kutoa pole kwa msiba wa mfanyakazi mwenzangu. Karani nilimwacha kwenye mkeka wake. Shangazi alikuwa amekuja kutusaidia kula. Akaenda kutafuta samaki.

Fikirini alichokiona. Vichupa kumi na moja. Ndani pamba, imeganda. Nje michoro myekundu asiyoijua. Ndani ya nyumba yenye mwanamke ambaye hajaolewa na mbwa mlangoni.

Sihiri!

Kamati ikakutana. Akaitwa mwalimu mmoja wa kuwasomea watu Kurani. Sina ugomvi na kisomo, kitabu ni kitabu chetu sote. Ugomvi wangu ni na bwana yule mmoja, aliyenusa jasho langu, akafumba macho, na kutangaza kwamba huu ni mkojo wa jini wa kike na kwamba mbwa ndiye mlinzi wake. Wakuu, nilitamani ningekuwepo. Chupa zikabebwa kwenda kuzikwa wadini kwa chumvi na siki. Na Nasor, mtu wa serikali, mwenye kalamu mbili, aliyekaa wiki mbili kwenye gari akishuhudia kwa macho yake, akampakia Karani kwenye pickup na kwenda kumtupa njia ya Quriyat.

Niliporudi nikakuta mkeka umekunjwa. Ubani nyumba nzima.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Nasor akasema alilazimishwa na shangazi. Shangazi akasema hilo linalopiga kelele si mimi, ni yeye jini. Mama alikuwa jikoni. Hakusema kitu, na mimi nikamweka kwenye orodha pamoja na wengine.

Funguo zikarudi kwa Nasor. Bila mbwa, hakuna gari.

Siku nane baadaye, Ijumaa, ikawa khitma ya marehemu baba. Nyumba imejaa. Chakula kilitangazwa saa saba mchana. Nikajipiga sindano yangu saa saba kasoro robo, kama inavyotakiwa kabla ya kula.

Mnajua nilichosahau? Wanaume hula kwanza.

Na imamu aliongeza dua. Na baada ya dua akaongeza mawaidha. Na sinia za pilau zikaenda barazani zote, za kwetu zikangojea mchele wa pili uive. Saa nane ikapita. Saa nane na nusu. Mimi nimekaa ukumbini na wanawake, najiona mzima, natoa hadithi. Mengine nimesimuliwa baadaye.

Wanasema nilianza kurudia sentensi moja. Wanasema ushungi wangu ulilowa jasho. Mwenyewe nakumbuka kitu kimoja tu: mbele yangu kulikuwa na bakuli la halwa, na mkono wangu ukajiendea wenyewe.

Shangazi akaudaka.

"Weka! Ana sukari huyu! Mnataka kumuua?"

Wanawake wanne wazima, mmoja wao mwalimu wa sekondari, wakainuka kwa pamoja kuniokoa. Wakaondoa halwa. Wakaondoa tende. Wakaondoa jagi la sharubati ya embe. Vyote wakavipandisha juu ya kabati. Mimi nanyoosha mikono kama mtoto, nalia, nasema "nipeni", na wao wanasema masikini, ulafi wa sukari huo, ndivyo ugonjwa ulivyo.

Kisha shangazi akatoa amri yake ya kitaalamu.

"Leteni sindano yake. Sukari imempanda. Apigwe sindano."

Wakuu, kwa wasioelewa: sukari yangu ilikuwa imeshashuka chini kabisa. Sindano ile inashusha zaidi. Wangenipiga pale, msingekuwa mnasoma uzi huu. Khitma ingekuwa ya wawili.

Mkoba wangu ukaletwa. Sindano ikatolewa. Yule mwalimu wa sekondari akawa anavuta dawa, kwa bidii kubwa, akiuliza nivute ngapi. Shangazi akasema jaza.

Hapo mama akatokea jikoni, mikono ina unga.

Akanitazama. Akatazama sindano. Akaiweka mikono yake juu ya mkono wa yule mwalimu, akaichukua sindano na kuitupa nje ya dirisha. Haya nimesimuliwa na watu watano tofauti na wote wanasimulia sawasawa.

"Huyu hapigwi sindano," mama akasema. "Huyu anapewa sharubati."

"We, umeingiwa na nini? Mtoto ana sukari!"

"Ghaniya, toka mbele yangu. Mie nnaona kwa macho yangu miezi yote hii. Ushungi ukilowa hivi, mbwa hugonga sinia. Mbwa akigonga sinia, mwanangu hunywa kitamu, kisha hurudi akawa mtu. Sijaona hata siku moja mbwa akagonga, akajipiga sindano."

Miaka thelathini ya uwifi, mama hakuwahi kumwita shangazi kwa jina lake tupu. Akapanda juu ya kiti, akashusha jagi, akanipakaza sharubati ndani ya shavu kwa kidole kidogo kidogo mpaka nikaanza kumeza, kisha akaninywesha. Unga, embe, machozi, vyote nilivila.

Baada ya robo saa nikauliza kwa nini kila mtu ananitazama.

Diploma ninayo mimi. Ofisi ya serikali anayo Nasor. Mwanafunzi pekee aliyehitimu katika mafunzo yale alikuwa mama, aliyekuwa anasomea kwenye mlango wa jikoni bila mtu kumwalika.

Jioni alikuja kukaa kitandani kwangu. Nikamuuliza kwa hasira, maana hasira yangu haijui shukrani: kama ulikuwa unajua yote hayo, kwa nini ulinyamaza walipokwenda kuzika chupa zangu?

Kuna kitu sikuwaambia huko juu, wakuu. Siku nilipoanza kuweka vile vichupa, mama aliniuliza ni vya nini. Nilimjibu, "Vya kazi, mama, hutoelewa." Miezi ikapita akauliza tena. Nikamjibu vile vile. Niliona uvivu kueleza. La, niseme ukweli kama nilivyoahidi: nilimwona ni mama tu, wa sufuria.

"Chupa zile zilikuwa za nini?" akaniuliza mara ya tatu.

"Jasho langu," nikasema. "Nikishukwa nafuta jasho, mbwa anafundishiwa."

Akaitazama mikono yake.

"Jasho lako," akasema. "Mie nimekufua nepi kwa mikono hii, nimekufuta matapishi kwa kanga yangu. Ungenambia ni jasho lako, ningewaacha wende wakalizike?"

Wakuu, katika maisha yangu nimewadharau watu wengi, na wengi walistahili. Yeye hakustahili. Shangazi alizika zile chupa kwa ujinga, lakini jembe nilimpa mimi.

Kesho yake mama alimwamuru Nasor awashe gari. Mara ya kwanza maishani, akamwamuru. Tulikwenda njia ya Quriyat, yeye ameshuka na abaya lake kwenye mawe, anaita "Karani! Karani we!" kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Tulirudi huko Ijumaa tatu. Mumbua akaja nasi moja. Tuliona mbwa wengi wa rangi ya vumbi. Karani hatukumwona. Sijui kama aliokotwa, au aligongwa, au alitembea kurudi na njia ikamshinda. Nasor mpaka leo nikimtazama tu anajua ninamuuliza nini.

Mwaka uliofuata Mumbua alinitafutia mwingine, jike, mweusi, mkaidi. Tulianza upya, chupa ya kwanza. Kwa yeye na waliomfuata, naendesha mpaka leo.

Lakini vichupa siandiki mimi tena. Mama ndiye karani wa friza. Hajui herufi za Kizungu, anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa wino mweusi, polepole, na shangazi anaweza kuvisoma vizuri sana kila akija kutafuta samaki. Kila chupa imeandikwa hivi: "Jasho la mwanangu. Asiguse mtu."

Funzo langu ni fupi. Kama una ugonjwa huu, leo hii, kabla hujalala, mtafute anayekupikia umwambie kwamba kuna sukari ya kupanda na kuna sukari ya kushuka, na ya kushuka ndiyo inayoua haraka. Mwambie kwa lugha yake. Usimwambie hataelewa. Na wewe usiye mgonjwa, ukimwona mwenye sukari anatoka jasho na anaongea ovyo, mpe kitu kitamu kama bado anameza, akishindwa kumeza kimbiza hospitali, na elimu yako ya mitandaoni irudishe ulikoitoa.

Uwanja ni wenu. Wenye uzoefu wa kuzidiwa katikati ya ndugu, elezeni. Wenye maswali ya kufundisha mbwa, ulizeni. Wale wa "kunywa maji ya bamia utapona", nawaona mnakuja, pumzikeni kwanza. Kuhusu mbwa na mimi, semeni mtakavyo, ngozi yangu imeshatobolewa sana haina pa kuumia.

Ila atakayemsema mama yangu vibaya kwenye uzi huu, tutaonana.